Mikono Miwili ya Upinde wa Babu

Baba mdogo alipiga simu saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kukata sketi za shule. Nyumba ya udongo tunaibomoa, akasema, matofali yameshachomwa, kama kuna kitu cha mzee unakitaka, njoo kabla ya Jumamosi. Sikuuliza kitu gani. Nilimaliza kukata zile sketi, nikafunika cherehani, nikamwachia jirani ufunguo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nyantakara, huu ni mwaka wa kumi na nane tangu niolewe huku Biharamulo. Wateja wangu wananitania kwamba futi nimeiweka shingoni kwa urembo. Naitandaza suruali mezani, naiangalia, najua mguu upi umezidi. "Huyu fundi ana jicho jamani!" wanasema, nami nacheka nao. Hawajui jicho hilo lilifundishwa wapi. Leo nakwambia wewe, kwa kuwa tumekaa, na kazi ya leo imekwisha.

Nilipofika Mabawe, kijijini kwetu, nilimkuta bibi kwenye mkeka uani, anachambua maharage. Shikamoo, marahaba, umekonda, watoto hawajambo. Ndani walishatoa karibu kila kitu. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umebaki na kigingi kimoja cha mti, na juu ya kigingi upinde wa babu, na pande mbili za upinde alama mbili za mkaa. Bibi alikuwa akiupaka ukuta ule udongo mweupe kila mwaka kabla ya Krismasi, ila hapo penye alama alipaacha. Nilisimama nikaangalia. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilichosikia ni kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, basi.

Babu alikuwa mchonga pinde. Na si pinde hizi za fito iliyopindwa ikafungwa kamba, hapana. Yeye alijifunza kwa baba yake kuchonga upinde ambao ncha zake zinageuka kwenda mbele, kama pembe za ng'ombe zinavyogeuka mwishoni. Mti wake ulikuwa mkole. Aliukata, akaupasua, akaulaza juu ya meko ya bibi uvute moshi kwa masika mawili, na sisi tukala maharage chini yake bila kuruhusiwa hata kuugusa. Kisha alizipaka ncha mafuta ya kondoo, akazipasha moto taratibu, akazikunja. Harufu ile ya mafuta ya kondoo na moshi wa mkole, we acha tu. Nikiisikia mahali hata leo huwa nageuka kutazama nani anakuja.

Upinde aliourithi kwa baba yake hakuuuza. Ndio ule wa kwenye kigingi. Ulikuwa wa kulindia mihogo dhidi ya nguruwe pori, na nyani wa mabondeni waliufahamu kwa sura. Lakini upinde wa namna hiyo una masharti. Mikono yake, yaani zile pande mbili kutoka mshikio hadi ncha, lazima ivutike sawasawa. Mkono mmoja ukilegea kuliko mwenzake mshale unakwenda kusikojulikana, na ukivutwa mpaka mwisho, ugwe, ile kamba ya mshipa wa ng'ombe, unachomoka kwenye ncha iliyokunjwa. Babu alimwambia kila mnunuzi: ugwe ukichomoka hauchagui wa kumpiga. Nililisikia neno hilo mara mia, kama nilivyosikia rozari ya jioni. Masikio yalisikia, kichwa kilikuwa kwingine.

Basi kila baada ya mvua upinde ulipimwa. Unautundika kwenye kigingi umelala, ugwe ukiwa chini, halafu unafunga jiwe katikati ya ugwe. Jiwe lenyewe lilikuwa jiwe la kusagia la bibi. "Mzee, upinde wako umekula jiwe langu, leo tule upepo?" bibi alikuwa akisema, na babu anajibu kwamba upepo nao ukiwekwa chumvi unalika. Jiwe likivuta, mikono inashuka. Ncha zote mbili zikifika kwenye alama zake za mkaa kwa pamoja, upinde uko sawa. Moja ikiipita alama, mkono huo umezama. Hapo babu alichukua kipande cha chupa akaukwangua ule mkono mwingine, mgumu, kwaru, kwaru, unga mwembamba wa mti ukidondoka magotini kwake, mpaka nao ukubali kushuka.

Tatizo, babu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alama hakuziona tena. Ndiyo maana akanichukua mimi, binti wa miaka kumi na moja, kwa sababu niliwahi kumwambia katikati ya chakula kwamba meza imeinama. Alinisimamisha hatua tano kutoka ukutani, asubuhi, jua likiupiga ukuta. Yeye alikaa kwenye kigoda chake akiutazama mlango.

"Jicho langu," alikuwa akiuliza, "mikono inasemaje?"

Kama iko sawa nilijibu, "Ni ndugu." Kama haiko sawa nilitaja mkono na kipimo chake: wa kulia umezama unene wa uzi, wa kushoto nusu kidole. Na hapa kuna desturi yao wachonga pinde, nikueleze ili uelewe yaliyofuata. Neno la mtazamaji huulizwa mara moja tu. Mchongaji akiuliza mara ya pili amemwita mtazamaji mwongo, na upinde huo haufai tena kupewa mtu. Babu hakuwahi kuniuliza mara mbili. Unajua maana yake kwa mtoto, kuaminiwa hivyo na mtu mzima? Nilitembea kijijini kama mtu mwenye cheo.

Alikuwa na usemi wake akikwangua. Mkono unaovunjika, alisema, ndio uliokuwa ukifanya kazi. Mvivu hukaa mzima.

Halafu wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi siwezi kukueleza vita vyao, nilikuwa mtoto, nilichoona ni barabara imejaa watu wenye magodoro vichwani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kukatika. Baada ya wiki vilima vya upande wa pili vilikuwa vya bluu kwa maturubai. Moshi wa kuni zao ulilala bondeni kila asubuhi mpaka misa ya pili. Malori ya chakula yalipita yakitikisa vikombe kabatini. Tulianza kula unga wa njano na kupikia mafuta ya bati, kwa kubadilishana na ndizi, na kwa muda watu walinenepa, tusidanganyane. Lugha yao na Kihangaza chetu vinasikilizana, Kiswahili hatukukihitaji. Lakini miti iliisha. Mkole wa babu nyuma ya nyumba tuliamka tukakuta kisiki. Babu alikipapasa, akasema, "Nao wanapika," akarudi ndani.

Kulikuwa na mama mmoja wa kambini aliyekuja kutulimia, bibi akimlipa ndizi. Alikuwa na binti yake wa umri wangu. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Alijua kusuka mkeka wa nyasi mwembamba kama kitambaa, na alinicheka jinsi nilivyoshika jembe. Kwao hakukuzungumzia hata siku moja, nami sikuuliza. Siku moja alisema mgao wao umepunguzwa, na mama yake hana nguvu ya kulima tena. Nikamwonyesha shamba letu la chini, penye mihogo mitamu isiyohitaji kulowekwa. Nikamwambia, njooni alfajiri, bibi huwa haendi huko mpaka jua liwake. Si kwamba nilikuwa na roho nzuri sana. Nilitaka tu aendelee kuja.

Wizi wa mashambani ulizidi, si wakimbizi tu, na wenyeji pia wakijificha nyuma yao. Ukaitishwa mkutano. Jirani yetu Msukuma, aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe zake, ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Mtu mkubwa, mcheshi, salamu yake ya asubuhi, "Mwangaluka!", uliisikia kabla hujamwona. Siku hiyo hakucheka. Kila nyumba itatoa kijana mmoja na upinde mmoja, akasema, pinde zitakaguliwa kesho jioni kiwanja cha shule, na kuanzia kesho kutwa alfajiri atakayekutwa shambani kwa mtu apigwe mshale. Nyumba yetu ilikuwa na kijana mmoja, baba mdogo. Akapangiwa shamba letu la chini.

Baba mdogo wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa utingo wa lori la maji ya kambini, na dereva wake alimwahidi kwamba mwezi ukiisha ataanza kumfundisha usukani. Alizungumza habari ya usukani ule mpaka bibi akamwambia ale kwanza, gari halimkimbii. Aliniletea biskuti za kopo. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, jambo ambalo katekista alisema si la msichana. Nilimpenda. Naomba ulikumbuke hilo.

Asubuhi ya ukaguzi babu aliutundika upinde. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Jiwe likafungwa, mikono ikashuka, nami nikasimama mahali pangu. Ncha ya kulia iliipita alama kwa kidole kizima. Sijawahi kuona upinde ule umezama namna hiyo. Na kilichonijia kichwani, nakwambia kama kilivyokuja, ni kwamba upinde wa hivyo haupigi panapolengwa. Nilimwona rafiki yangu na mama yake wameinama kwenye mihogo, na mshale unakwenda pembeni, kwenye migomba, na wao wanakimbia. Basi. Sikuona kingine.

"Jicho langu, mikono inasemaje?"

"Ni ndugu," nikasema.

Babu aligeuza uso kutoka mlangoni. Kisha akasema haya, kachote maji. Nikachukua dumu nikaenda kisimani.

Jioni tulikwenda kiwanjani wote. Kamanda alipita akikagua pinde za vijana mmoja mmoja. Kwao Wasukuma pinde ni za ncha zilizonyooka, na upinde ulionyooka hata ukiwa na mkono mlegevu kidogo haukudhuru, unakosa shabaha tu. Aliushika wa babu, akauvuta nusu, akausifia. "Huu ni wa wazee! Vuta, kijana, mpaka sikioni, wakuone." Baba mdogo akatabasamu kwa ajili yangu, akavuta mpaka sikioni. Nilisikia mlio mmoja, kama mjeledi. Upinde ukaanguka bila kuvunjika, na yeye akapiga magoti ameshika uso, damu ikipita katikati ya vidole.

Hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa hema la kambini. Nesi aliyemshika kichwa akisafishwa alikuwa mkimbizi, na alimsemesha kwa upole kama mtoto. Jicho la kushoto halikupona. Dereva wa lori alikuja kumwona mara moja akiwa na mkate, akasema pole, na usukani haukutajwa tena. Nani atampa gari mtu wa jicho moja?

Kesho yake alfajiri shamba la chini halikulindwa, nyumba nzima ilikuwa hospitalini. Nilipokwenda nilikuta mashimo sita mapya, udongo umerudishwa vizuri. Ndivyo walivyokuwa, waliurudisha udongo. Rafiki yangu nilimwona mara mbili tatu baada ya hapo, sikumwambia kitu. Halafu wakati ulifika wakarudishwa kwao wote, barabara ile ile, magodoro yale yale, na mimi nilisimama kando ya barabara nikitafuta uso mmoja mpaka macho yakauma. Sikuupata. Mpaka leo sijui kama alifika.

Unaweza kuniuliza, ulimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilipata kipaimara, nikapanga foleni ya kitubio na wenzangu, nikataja sukari niliyoiba. Watu walisema macho ya mzee yamekwisha, upinde alioupitisha yeye mwenyewe umemtoa mwanawe jicho. Walisema mbele yake. Hakuchonga upinde mwingine mpaka alipokufa, miaka minne baadaye. Lakini aliendelea kuniita jicho langu. Jicho langu, nitazamie mvua. Jicho langu, nitazamie nani anakuja. Kila aliponiita hivyo kitu fulani ndani yangu kililala, na baada ya muda kikawa hakiamki. Nimezaa, nimezika, nimefunga ndoa kanisani, na mara nyingi najitazama nikifanya hayo kama namtazama mteja anapima nguo.

Sasa turudi kwenye ule ukuta. Bibi aliingia akijikongoja, akakaa kwenye kile kigoda, akaniona ninavyotazama alama.

"Babu yako alisema hapo pasipakwe," akasema. "Alijua, mjukuu wangu."

"Alijua nini, bibi?"

"Ulipokwenda kisimani aliupapasa kwa vidole, mkono mmoja, kisha mwingine. Akaniambia, mjukuu amenidanganya. Nikamwambia basi mwulize tena. Akasema, siulizi mara mbili. Nikamwambia ukwangue. Akasema, uache ulivyo, huu ni upinde wa nguruwe, sitaki mwanangu aue mtu nao. Kamanda ataukataa, kijana atapewa filimbi ya kupuliza. Ndivyo alivyodhani." Akachukua harage moja lililokwama kwenye kanga yake, akalitupa nje. "Amekufa nalo hilo."

Yaani tulikuwa wawili. Miaka yote ile babu amekaa mlangoni na lake, mimi nimekaa uani na langu, ni lile lile, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilisubiri nione kama nitasikia nafuu. Nilisikia njaa. Nilikuwa sijala tangu basi liliposimama Lusahunga.

Baba mdogo alirudi kutoka shambani jua likiegemea. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alinisalimia kwa mluzi wa vidole viwili, wa kunichokoza, akaingia, akauona upinde.

"Huo ndio niliokuitia," akasema. "Mjukuu wangu anautaka, anataka kuutundika nyumba mpya. Mimi nasema kama haufai ni kuni tu. Wewe ndiye uliyekuwa jicho la mzee. Pima."

Alikwenda mwenyewe kuleta jiwe la kusagia. Siku hizi mashine ya kusaga iko hatua mia, jiwe lile linazuia mlango wa banda la kuku. Akalifunga. Ugwe ulilia kidogo lakini haukukatika. Mikono ikashuka. Jua la saa ile haliupigi ukuta ule, ila mlango ulikuwa wazi, nikaona vya kutosha. Ulikuwa vile vile kama tulivyouacha.

"Haya, inasemaje?" akauliza.

"Wa kulia umezama kidole kizima," nikasema. "Na siku ile ulikuwa umezama hivi hivi, baba mdogo. Niliona. Babu aliniuliza nikamwambia ni ndugu."

Bibi aliinua uso. Baba mdogo alinigeuzia lile jicho zima.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Rafiki, mama yake, mihogo mitamu, alfajiri. Lilikuwa jambo la maneno machache sana lilipotoka, nilishangaa. Nilikuwa nimelibeba kama gunia, kumbe linaingia kwenye kiganja. Nikamwambia na la babu pia, maana naye ana haki ya kulijua. Bibi hakunizuia.

"Walichimba?" akauliza.

"Walichimba. Mashimo sita."

Akatikisa kichwa. Alitoka nje. Nilimsikia akifukuza kuku, nikamsikia akikohoa, nikadhani ndiyo kwaheri, hataingia tena mpaka nimeondoka, na ningemwelewa. Nilisikia kitu kifuani, mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye basi. Ilikuwa hofu. Niliogopa kumpoteza, mimi mwanamke mtu mzima, kama nilivyoogopa kwenye hema lile.

Aliingia na kipande cha chupa. Akanipa.

"Kwangua," akasema. "Mpaka useme ni ndugu."

Nikakaa kwenye sakafu ya babu nikakwangua mkono wa kushoto. Kwaru, kwaru. Unga wa mkole ulidondoka kwenye sketi yangu na harufu yake ilikuwa bado imo, moshi na kondoo, baada ya miaka yote hiyo. Nilitundika, nikatazama, nikashusha, nikakwangua tena. Mkole hakuna tena pande zile, nilitazama njia nzima. Kigoda kitaenda nyumba mpya. Ukuta wenye alama utakuwa udongo Jumamosi mchana. Giza lilikuwa linakaribia ncha zote mbili zilipofika kwenye mkaa kwa pamoja.

"Ni ndugu," nikasema.

Baba mdogo alisogea ukutani, akanyoosha mkono, akaupapasa upinde kwa vidole, upande mmoja taratibu hadi kwenye ncha, kisha akarudi mshikioni akaupapasa upande wa pili. Mimi nilisimama hatua zangu tano nikisubiri. Alirudia mara mbili. Ndipo akaushusha, akauegemeza kando ya kigoda, pamoja na vya kwenda nyumba mpya.